Matoleo Mengi ya Node.js Katika Kompyuta Moja

Node.js, programu inayoendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari, ilitolewa na Ryan Dahl mwaka 2009. Matoleo yake yenye namba shufwa, kama 18, 20 na 22, hutunzwa kwa takriban miezi 30. Ya namba witiri huachwa mapema zaidi.

Kupandisha toleo si jambo dogo. Toleo la 17, la Oktoba 2021, lilikuja na OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji iliyozima algorithimu kongwe ya MD4. Webpack 4, zana ya kufungasha msimbo iliyotumiwa na miradi mingi, iliitegemea MD4 hiyo. Mradi uliokuwa ukijengeka vizuri kwa toleo la 16 ukagoma, na hakuna aliyegusa hata herufi moja ya msimbo wake. Anayetunza mradi wa namna hiyo huku akianza mwingine mpya anahitaji matoleo yote mawili.

Hapo ndipo nvm, zana ya kusimamia matoleo ya Node.js iliyoanzishwa na Tim Caswell mwaka 2010, inapofaa. Amri ya nvm install 16 hupakua toleo na kuliweka katika folda yake ndani ya .nvm, chini ya folda ya mtumiaji, bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Kisha nvm use 16 hulichagua.

Uchaguzi huo hufanyika kwenye PATH, orodha ya folda ambazo sheli, yaani programu inayopokea amri, huzipitia kwa zamu ikitafuta programu iliyoitwa. Ya kwanza kuonekana ndiyo huendeshwa. Nvm huitanguliza folda ya toleo linalotakiwa, basi. Programu ya kawaida haiwezi kubadili PATH ya sheli iliyoiita, na ndiyo maana nvm imeandikwa kama fanksheni ya sheli yenyewe. Kwa hiyo dirisha moja la amri laweza kutumia 16 na la pembeni 22. Dirisha jipya huanza na toleo lililowekwa kwa nvm alias default.

Kilicho bora kuliko vyote ni faili la .nvmrc, lenye namba ya toleo tu. Likihifadhiwa pamoja na msimbo, kila mshiriki huandika nvm use na kupata toleo lilelile.

Vifurushi vilivyosakinishwa kwa npm install -g, amri ya kisakinishi vifurushi cha Node.js, hubaki ndani ya toleo lake, hivyo anayehamia toleo jipya huvisakinisha upya. Kwenye Windows hutumika nvm-windows, programu tofauti kabisa: hiyo hubadili kiungo kimoja cha folda, na madirisha yote huhama pamoja.