Maswali ya Poligrafu kwa Mwombaji Kazi

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hofu haichagui mtu: humpata mwongo, humpata na mkweli. Anayeitwa kupimwa kwa poligrafu kabla ya kuajiriwa hana budi kulifahamu hilo mapema, na mhudumu wa afya atakayeombwa ushauri naye hana budi kulifahamu.

Poligrafu, ambayo wengi huiita mashine ya kupimia uongo, haipimi uongo. Mirija inayofungwa kifuani na tumboni hupima upumuaji. Mkanda wa mkononi, unaofanana na ule wa kupimia shinikizo la damu, hufuatilia mapigo ya moyo na mabadiliko ya shinikizo. Vihisio vya vidoleni hupima jasho. Mambo hayo huongozwa zaidi na mishipa ya fahamu isiyotii hiari, ile ile inayoudundisha moyo mtu anapokutana na nyoka. Hakuna badiliko la mwili lililo la uongo peke yake. Hivyo mpimaji hulinganisha swali na swali, na hukumu yake hutegemea aina za maswali hayo.

Nchini Marekani, Sheria ya Kulinda Wafanyakazi dhidi ya Poligrafu ya mwaka 1988 iliwakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuitumia. Taasisi za serikali, kama vile polisi, haziguswi na katazo hilo. Aidha, sheria iliruhusu baadhi ya makampuni ya ulinzi, pamoja na waajiri wanaotengeneza, kusambaza au kutoa dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, kuwapima waombaji watakaozishughulikia moja kwa moja. Kwa hiyo mfamasia au mtunza ghala la dawa aweza kujikuta katika kiti hicho.

Aina za maswali

Kwanza ni maswali yasiyohusika: "Je, leo ni Jumatatu?" Hayamtishi mtu, huupa mwili nafasi ya kutulia.

Pili ni maswali ya msingi, yanayogusa jambo ambalo mwajiri anataka kulijua: "Je, umewahi kuiba dawa kazini?" Swali la utangulizi huweza kuyatangulia, kwa mfano, "Je, umekusudia kusema kweli kuhusu dawa?" Kwa kawaida jibu la swali hilo halipewi alama, kwani mtu yeyote hushtuka kidogo mada inapoguswa mara ya kwanza.

Tatu ni maswali ya ulinganisho: "Je, umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Hapa mpimaji hutarajia kwamba karibu kila mtu ana doa, na kwamba atajibu "hapana" huku akiwa na wasiwasi. Wapimaji wengine humwagiza mpimwa waziwazi atoe jibu la uongo. Nadharia yao ni kwamba asiye na hatia atasisimka zaidi kwa maswali ya ulinganisho, na mwenye hatia kwa maswali ya msingi.

Nadharia inapokwama

Polisi wanapochunguza wizi mmoja, swali huhusu tukio linalojulikana. Mwombaji kazi huulizwa kuhusu maisha yake yote, pasipo tukio lolote. Chukua mfano wa muuguzi mwaminifu ambaye wodi yake iliwahi kupotelewa na dawa. Swali la wizi laweza kuuamsha moyo wake kuliko swali la ulinganisho, naye akaonekana mwongo.

Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa hesabu ya kielelezo. Katika wafanyakazi 10,000 wenye majasusi 10 miongoni mwao, kipimo kilichowekwa ili kiwanase majasusi 8 kingewashindisha watu 1,606. Yaani watu 1,598 wasio na hatia wangetiliwa shaka. Mhudumu wa afya ataitambua hesabu hiyo: ugonjwa ukiwa adimu, hata kipimo kizuri huzaa majibu mengi ya uongo.

Haki na ushauri

Kwa waajiri binafsi walioruhusiwa, sheria ya 1988 inataka mwombaji aoneshwe maswali yote kabla ya kipimo, na kipimo kisipungue dakika 90. Maswali kuhusu dini, siasa, rangi, mwenendo wa kujamiiana na vyama vya wafanyakazi yamekatazwa. Mwombaji aweza kusitisha kipimo wakati wowote, na matokeo pekee hayatoshi kuwa sababu ya kumnyima kazi.

Wakati wa kupitia maswali, mwombaji aulize maana ya kila neno. Aliyelelewa katika Kiswahili awe mwangalifu zaidi na swali la kukanusha. Akiulizwa "Hujawahi kuiba?", "ndiyo" yake humaanisha "ndiyo, sijawahi", kwa Kiingereza "ndiyo" hiyo yaweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri.

Mgonjwa wa moyo, wa pumu au wa wasiwasi uliopindukia amweleze daktari wake mapema. Asiache dawa kwa ajili ya kipimo: kuacha ghafla propranololi, kwa mfano, kwaweza kumhatarisha mgonjwa wa moyo. Chini ya sheria hiyo, kipimo hakifanywi iwapo kuna uthibitisho wa maandishi wa daktari kwamba maradhi au matibabu yaweza kuleta mwitikio usio wa kawaida. Barua hiyo itaje hali inayohusika na athari yake kwa mapigo, pumzi au jasho. Siri nyingine za mgonjwa zibaki katika faili lake.

Naye aliyekwisha kushindwa kipimo akaja kliniki akiwa amevunjika moyo, aelezwe kwamba mistari ile ilionesha msisimko wa mwili wake. Haikuweza kuonesha chanzo cha msisimko huo, na wala si ushahidi kwamba alisema uongo.