Donge kooni lisiloshuka: Kumbe shida huenda iko tumboni

Kuna donge ambalo hata umulikwe na tochi ya simu halionekani. Unameza mate, lipo. Unakunywa maji, linatulia kidogo halafu linarudi. Unajisafisha koo mpaka jirani wa plot anajua umefika, lakini wapi. Unahisi kama kidonge kimekwama pale kwenye kishimo cha chini ya shingo na kimekataa kushuka.

Wasee wengi wanaishi na hali hii kimyakimya. Sababu ni moja: uoga. Ukiuliza Google saa nane usiku, haichukui muda kabla neno saratani litokee kwenye skrini. Na uoga huo haujatoka hewani. Kenya iko kwenye ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika ambako saratani ya umio, ile njia ya kupitisha chakula, iko juu kuliko sehemu nyingi za dunia. Kule Bomet na maeneo jirani, madaktari wamekuwa wakiipata hata kwa watu ambao hawajafikisha miaka 30.

Kwa hivyo tuongee, bila kutishana na bila kudanganyana. Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili. Lakini donge hili nimekaa nalo miezi minane, nimechunguzwa, na maswali nimeuliza hadi daktari akacheka.

Linatoka wapi?

Kati ya umio na tumbo kuna msuli unaofanya kazi kama mlango. Ukilegea wakati usiofaa, asidi ya tumbo inapanda. Ikiishia kifuani unasikia moto, yaani kiungulia. Ikipanda zaidi inafika kooni, na ngozi ya ndani ya koo haijaumbwa kuhimili asidi kama tumbo. Inawasha, misuli inakaza, na ubongo unatafsiri mkazo huo kama kitu kilichokwama.

Kinachochanganya wengi ni kwamba unaweza kupata hayo yote bila kiungulia hata siku moja. Badala yake unaamka sauti imekwaruza, makohozi hayaishi kooni, mdomoni kuna uchachu, au unakohoa ukishalala. Ndiyo maana wengi wanazunguka kwa kemisti wakipewa dawa za homa, za tonsili na za mzio, na donge linabaki palepale. Wengine hushauriwa wakakatwe kilimi. Usikubali. Kilimi hakina makosa hapa, na kukatwa huleta damu nyingi na maambukizi.

Si kila donge linaletwa na asidi. Mkazo wa mawazo unaweza kulileta peke yake, na tezi ya shingo iliyovimba pia. Zamani madaktari waliliona kama ugonjwa wa wanawake wenye hisia nyingi. Ni kuanzia miaka ya 1960 ndipo jina hilo la dharau lilianza kuachwa.

Lipi la kawaida, lipi la kukimbiza hospitali?

Hapa ndipo usome polepole. Donge la kawaida lina tabia zake: linakusumbua ukimeza mate, lakini ukila ugali na sukuma linapotea au linapungua. Linakuja na kwenda. Haliumi. Linazidi siku za presha.

Lile la kuogopwa ni tofauti. Chakula chenyewe ndicho kinakwama, kwanza nyama na ugali, baadaye hata uji. Kumeza kunauma. Unapungua uzito bila kupanga. Unatapika damu au choo kinakuwa cheusi kama lami. Sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu. Unashika shingo na kweli kuna uvimbe. Maumivu yako upande mmoja na yanapanda hadi sikioni. Ukiwa na hata moja kati ya hizo, usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda ukaonwe, na useme wazi kwamba chakula kinakwama au unatapika damu, usiseme tu "koo linanisumbua."

Hata bila dalili hizo, donge likipita wiki kadhaa, onwa mara moja ili ujue. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kupitisha mrija mwembamba wenye kamera puani na kukagua koo. Si raha, lakini ni dakika chache. Ikihitajika, kuna kamera nyingine inayoshuka hadi tumboni.

Vidonge si uchawi

Omeprazole imekuwa kama peremende mtaani. Wengi wanaimeza baada ya kula, tena siku ile tu moto umewaka. Haifanyi kazi hivyo. Inamezwa kama nusu saa kabla ya chakula, kila siku, kwa muda ambao daktari amesema. Ukiitumia muda mrefu halafu uiache ghafla, asidi inaweza kurudi kwa fujo.

Na kuna habari ambayo wauza dawa hawatakuambia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2021 uliwafuata watu 346 wenye matatizo ya koo ya muda mrefu. Nusu walipewa dawa ya kundi hilohilo la omeprazole, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 16. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Hiyo haimaanishi utupe dawa uliyoandikiwa, hasa kama una kiungulia. Inamaanisha kidonge peke yake hakitabeba mzigo wote.

Mzigo mwingine ni wetu

Mlo wa mwisho uwe saa tatu kabla ya kulala. Najua wengi tunafika kwa keja saa tatu usiku baada ya jam. Basi kula cha maana saa kumi na moja ukiwa bado job, usiku upige kitu kidogo. Chipsi na smokie za saa tano usiku ukifuata na kitanda ni kufungulia asidi lango.

Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda vinatosha. Kurundika mito hakusaidii sana, kunakunja tumbo tu. Lalia ubavu wa kushoto.

Kahawa, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, sigara na vyakula vya mafuta mengi huwasumbua wengi, ila si wote kwa kiwango sawa. Andika kwa simu unachokula kwa wiki mbili, utamjua adui yako. Chunga pia minti unayotafuna kusafisha koo, kwa sababu hulegeza ule mlango wa tumbo. Na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen huchokoza tumbo.

Chai nayo iache ipoe. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Ile chai inayochoma ulimi si ya kujisifia.

Halafu acha kujisafisha koo kila dakika. Kila ukifanya hivyo nyuzi za sauti zinagongana, zinawashwa zaidi, na donge linakua. Mezea maji kidogo, au piga miayo ulegeze koo.

Gumu kuliko yote ni kichwa. Ukiogopa, koo linakaza. Likikaza, donge linazidi. Likizidi, unaogopa zaidi. Kilichonisaidia mimi ni kuchunguzwa na kuambiwa hakuna kitu. Donge halikuondoka siku hiyo, lakini nililala. Sasa linakuja mara moja moja, wiki za deadline hasa, na nikila linashuka. Koo huchukua miezi kupoa, kwa hivyo usikate tamaa wiki ya pili. Na kama hujaonwa bado, funga Google, utafute daktari.