Ndege za Kivita za Zamani: Zatunzwaje, na Mabaki Je?

Kati ya 1953 na 1955, wakati wa vita vya Mau Mau, ndege aina ya Harvard za jeshi la Uingereza ziliruka kutoka Mweiga, Nyeri, zikiangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Leo ndege za aina hiyo huonyeshwa katika makumbusho ya nchi mbalimbali.

Kabla ya maonyesho, wataalamu huondoa risasi, mabomu na mafuta. Kisha adui mkubwa ni maji. Bodi ya Harvard ni ya alumini, lakini usukani wa mkiani umevikwa kitambaa, ambacho huharibiwa na jua na mvua. Kwa hivyo ndege huwekwa chini ya paa, matundu ya kutolea maji huzibuliwa, na magurudumu huondolewa uzito.

Mabaki ya msituni hayajakaguliwa hivyo, na si mabomu yote yaliyolipuka. Mwananchi wa Kianyaga, ukiona chuma usichokifahamu msituni:

- Usikiguse, usikichimbe, wala usikiuze kama chuma chakavu.
- Waondoe watoto na mifugo.
- Mjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.