Tangi la Maji Shuleni: Somo la Kwanza la Uhandisi wa Mifumo

Anayepita katika shule za Wilaya ya Bariadi mwezi wa Septemba, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa na vumbi limetanda, huyaona pembeni mwa madarasa matangi ya kukingia maji ya mvua. Na aghalabu akigonga ubavu wa tangi husikia mlio wa kitu kitupu. Akiuliza sababu, kila mtu ana mtuhumiwa wake. Mmoja atalaumu mfereji wa bati uliochomoka kwenye ukingo wa paa, wa pili koki inayovuja, wa tatu ataulaumu uchache wa mvua. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyoweza kulipima jambo hilo wao wenyewe, na kwa njia hiyo kuingia katika elimu iitwayo uhandisi wa mifumo.

Fundi bati anayajua mabati, na mwashi anaijua saruji. Mhandisi wa mifumo hushughulika na mahali ambapo kazi ya mmoja inakutana na kazi ya mwingine. Mahali hapo tutapaita ungio. Elimu hii ilianza kuitwa kwa jina lake huko Marekani katika miaka ya 1940, katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, kwani simu ni nyaya, mitambo na watu wengi ambao lazima wakubaliane kabla mtu mmoja hajasikia sauti ya mwenzake. Lakini jambo lenyewe si geni kwa mkulima wa Simiyu. Yeye anajua kwamba pamba nzuri iliyochanganywa na mchanga njiani haihesabiwi kuwa nzuri tena ifikapo kwenye kinu.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu kila mtuhumiwa ana hatia. Tuseme paa la madarasa lina meta 20 kwa meta 8, yaani meta za mraba 160. Tuchukue mvua ya mwaka kuwa milimeta 800, kadirio linalofaa kwa sehemu hizi. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Basi paa hupokea lita 128,000. Tukitoa sehemu moja ya tano inayorukia nje au kukauka juu ya bati la moto, zinabaki lita 102,400. Mvua moja nzuri ya milimeta 20 huleta lita 2,560, sawa na ndoo 128 za lita 20.

Sasa tumpime kila mtuhumiwa. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza kiasi cha lita 4 na kidogo kwa siku. Kutoka Juni hadi mwisho wa Septemba, siku 122, jumla yake haifiki lita 530. Mfereji uliochomoka nusu hupoteza zaidi ya hizo katika mvua moja tu: lita 1,280. Hapo darasa litashangilia na kuhukumu kwamba mkosaji ni mfereji. Lakini mwanafunzi mkali atauliza: tangi lenyewe linachukua lita ngapi? Likiwa la lita 10,000, hata nusu ya maji ya paa, yaani lita 51,200, ingelijaza mara tano katika msimu mmoja. Mfereji mbovu una madhara makubwa katika mvua za mwisho za Mei tu, wakati kila tone linalopotea halirudi. Wanafunzi 400 wakinywa nusu lita kila mmoja, tangi lililojaa huwatosha siku 50. Siku za masomo katika kiangazi hicho, tukiondoa likizo na mwisho wa juma, ni takriban 70. Na iwapo kila siku zinachotwa ndoo 5 zaidi kwa ajili ya kusafisha sakafu, siku 50 zinakuwa 33. Tangi halikukaushwa na koki. Lilikaushwa na mapatano ambayo hayakufanywa kati ya ukubwa wa tangi, idadi ya wanywaji na mtu anayeshika ufunguo.

Hesabu hii ya ubaoni ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni ya mikono. Mwalimu aligawe darasa katika vikundi vitano. Cha kwanza kitengeneze paa na mfereji kwa kipande cha bati chenye meta moja kwa nusu meta. Cha pili kitengeneze chujio, pamoja na njia ya kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na mavi ya ndege; kwa paa letu la kweli huachwa yapite kiasi cha lita 80, nusu lita kwa kila meta ya mraba. Cha tatu kishughulikie tangi na msingi wake, cha nne koki na ugawaji. Kikundi cha tano kisipewe kifaa chochote ila daftari.

Katika mzunguko wa kwanza vikundi visizungumze. Baada ya saa moja vilete kazi zao ziunganishwe, kisha mwalimu amwagie bati lita 5 kwa kopo lililotobolewa matundu, ambazo ni sawa na mvua ya milimeta 10. Kwa mujibu wa hesabu, zingepaswa kufika lita 4. Lakini mrija wa kikundi kimoja ukiwa mwembamba kuliko shingo ya chupa ya kingine, au koki ikitobolewa juu mno hata maji ya chini yasitoke kamwe, darasa litashuhudia kila kipande kikiwa kizuri na kazi nzima ikiwa mbovu. Katika mzunguko wa pili kikundi cha tano kinatembea na daftari lake, nacho kinaandika kwa kila ungio: nini kinapita hapa, kiasi gani, kwa upana gani, na nani atatazama pakiharibika. Ndipo vipande vijengwe upya na maji yapimwe tena.

Mwalimu asisahau kuchunguza vipimo. Debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Ndoo za siku hizi ni za lita 20 au 10. Kikundi kinachohesabu kwa debe na kile kinachohesabu kwa ndoo watakubaliana kwa maneno na kukosana kwa maji. Asicheke mtu: mwezi Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga kilichopelekwa kuizunguka sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za meta na kilo. Kila upande ulihesabu sawasawa.

Kikundi cha msingi kina somo lake la pekee hapa Usukumani. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao hulipasua tangi la saruji lililojengwa juu yake bila tahadhari, hata kama mwashi alichanganya zege kwa uaminifu. Udongo wa kichanga wa miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, hauna tabia hiyo. Wanafunzi wajaze udongo wa aina zote mbili katika makopo, waulowanishe, wauanike kwa juma zima, halafu wapime nyufa kwa rula. Hali kadhalika wajiulize mbu ataingilia wapi, maana tangi lisilofunikwa kwa wavu hugeuka mazalio, na mwisho wa mfumo huo ni zahanati.

Somo hili lina uzito wa kipekee mkoani Simiyu. Baadhi ya visima vya Meatu na Maswa vina floridi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na floridi nyingi huharibu meno na mifupa ya watoto. Kwa kunywa, maji ya mvua yaliyotunzwa vema ni bora kuliko hayo. Aidha, mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kuyaleta maji ya Ziwa Viktoria katika mkoa huu kupitia Busega, kwa ushirikiano wa serikali na benki ya KfW ya Ujerumani. Kuinua meta moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha meta 100 kunahitaji, hata kwa pampu isiyopoteza kitu, zaidi ya robo ya uniti ya umeme. Basi kati ya ziwa na kioski cha kijiji kuna maungio ya pampu na umeme, ya bomba na udongo wa mbuga, ya bei ya ndoo na mfuko wa mama anayechota. Daftari la kikundi cha tano linaweza kuanza kuyaandika hayo pia.

Wakati mzuri wa kulifanya zoezi hili ni Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ili mfereji wa kweli upate kurudishwa mahali pake kwa ngazi na misumari ya shule, na mgao wa ndoo kwa siku uandikwe kwa rangi ubavuni mwa tangi.