Kuuguza Pale Dawa ya Kuponya Inapokosekana: Utangulizi wa Huduma Shufaa

Kama unafanya kazi katika kituo cha afya cha Bugarama, au popote kwenye vilima na vijiji vya upande wa Rumonge, nchini Burundi, mgonjwa nitakayemzungumzia unamfahamu tayari. Alipelekwa hospitali, pengine akafika hadi Bujumbura, kisha akarudi nyumbani na karatasi zake huku jamaa wameambiwa kwamba hakuna tena la kufanya. Kauli hiyo si ya kweli, na ningependa tuiweke kando kabla hatujaanza. Yapo mengi ya kufanya, na sehemu yake kubwa imo mikononi mwa muuguzi.

Huduma shufaa ni uangalizi wa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na familia yake, unaolenga kuwapunguzia mateso: ya mwili, ya moyo, ya maisha ya kila siku na ya imani. Wengi wanaoanza masomo haya hudhani kwamba huduma hii huja pale tiba inapokoma. La. Mgonjwa wa saratani anayeendelea na mionzi anaihitaji, vilevile mwenye moyo ulioshindwa kazi, na anayeishi na virusi vya UKIMWI huku akimeza dawa zake kila siku. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote ziiingize huduma shufaa katika matibabu ya kawaida, tangu ngazi ya jamii. Kwa hiyo usingoje mgonjwa akate tamaa ndipo uanze.

Msingi wa fani yetu uliwekwa na mwanamke aliyeanza kazi kama muuguzi. Cicely Saunders alisomea uuguzi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's jijini London, hospisi ya kwanza ya namna yake. Hospisi ni nyumba au kikosi cha wahudumu wanaowaangalia watu walio karibu na mwisho wa maisha. Saunders alifundisha juu ya maumivu ya jumla, yaani kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana pande nne zinazoshikana: mwili, hisia, mahusiano na riziki, na roho. Ukitibu upande mmoja ukaacha nyingine, mgonjwa ataendelea kulia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama wa watoto watano ana saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kusambaa. Mgongo unamuuma usiku kucha. Anatokwa na uchafu wenye harufu kali, kwa hiyo ameacha kwenda kanisani na hataki jirani aingie chumbani. Mumewe ameacha kwenda ziwani kuvua ili amuuguze, na sasa hakuna ndagala wa kuuza wala wa kula. Binti mkubwa ametolewa shule. Mama mwenyewe anajiuliza alimkosea nini Mungu. Niambie, katika haya yote, maumivu yako wapi? Yako kila mahali, na ndiyo sababu muuguzi wa huduma shufaa huuliza maswali ambayo wodini hayaulizwi.

Swali la kwanza ni la mwili. Muuguzi Margo McCaffery wa Marekani aliandika mwaka 1968 kanuni ambayo bado tunaifuata: maumivu ni yale anayoyasema mwenye kuyasikia. Hukuambiwa uyahakiki, umeambiwa uyaamini. Kuyapima ni rahisi, hata kwa mtu asiyejua kusoma. Inua mkono wako. Ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu kabisa, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vyote vitano vikiwa wazi ni maumivu yasiyovumilika. Mwombe mama akuonyeshe mkono wake, andika idadi ya vidole, na baada ya dawa umwombe tena. Njia hii hutumiwa sana katika hospisi za Afrika, nami naipenda kwa sababu mgonjwa aliyechoka kusema bado anaweza kukujibu.

Kisha dawa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaojulikana kama ngazi ya maumivu. Daraja la kwanza ni dawa kama parasetamoli na ibuprofeni. La pili ni dawa hafifu za jamii ya afyuni, kama kodeini. La tatu ni dawa kali za jamii hiyo, hasa mofini. Maumivu yakiwa makali tangu mwanzo, unaweza kuanza na daraja la juu moja kwa moja. Dawa hupewa kwa mdomo inapowezekana, na kwa saa zilizopangwa. Hapa nakuomba utulie kidogo, maana ndipo tunapokosea zaidi. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Ukingoja mgonjwa alie ndipo umpe, maumivu yatakuwa yamekutangulia, na utahitaji dawa nyingi zaidi kuyafikia. Ifundishe familia kutoa dozi inayofuata kabla maumivu hayajarudi. Siku hiyohiyo ya kwanza mpe pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo na hali hiyo haiishi yenyewe. Kichefuchefu na usingizi kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Utaulizwa kama mofini itamgeuza mgonjwa kuwa mraibu. Ikitumiwa kwa maumivu halisi na dozi ikipandishwa polepole, hatari hiyo ni ndogo sana. Utaulizwa pia nani ana ruhusa ya kuitoa, na hapo wenzetu wa Uganda wana jambo la kutufundisha. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa kutumia mofini ya unga inayochanganywa na maji, dawa rahisi ambayo chanzo chake kilikuwa kazi yake ya awali nchini Singapore. Dawa ilikuwepo, lakini madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi. Mwaka 2004 Uganda ikabadilisha sheria ili wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika mofini wenyewe. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ina uzito sawa na dawa yenyewe, kwa maana chupa iliyofungiwa kabatini mjini haimfai mtu wa mlimani.

Harufu iliyomtenga yule mama nayo ina dawa. Vidonge vya metronidazoli vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda hupunguza bakteria wanaoileta. Ni jambo dogo na la bei nafuu, lakini huenda ndilo litakalomrudisha jirani chumbani.

Tukifika kwenye mazungumzo, kazi inakuwa ngumu zaidi. Jamaa watakuvuta nje wakuambie, "Dada, tafadhali, usimwambie mama." Usiwakemee, maana wanamlinda. Waulize wanaogopa nini akijua. Kisha kaa na mgonjwa, usisimame mlangoni, umuulize: "Mama, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako? Kuna jambo ungependa nikueleze?" Mara nyingi utakuta anajua, naye anawaficha wao. Akitaka kujua, mweleze kwa maneno mepesi, kidogo kidogo, na unyamaze anapolia. Asipotaka, hiyo ni haki yake. Kazi yako hapo ni kuifungua njia ili watu wa nyumba moja waweze kupanga pamoja: nani atamlea mtoto mdogo, shamba la michikichi litakuwa la nani, padri au shehe aitwe lini.

Siku za mwisho zitakapofika, ieleze familia mapema watakachokiona. Ataacha kula, na kumlazimisha kutamsumbua. Mikono na miguu itapoa. Pumzi itakatika kwa muda kisha irudi, pengine kwa mkoromo. Wafundishe kumlowanisha midomo kwa kitambaa safi chenye maji na kumgeuza taratibu. Familia iliyoelezwa haishtuki ovyo wala haikimbilii gari saa nane za usiku.

Huduma haiishii kaburini. Rudi baada ya msiba kuwapa pole, uchukue mofini iliyosalia uirudishe kituoni na kuiandikisha. Kaa nao. Karibu kila mara yule aliyetoa dozi ya mwisho, mara nyingi binti mkubwa, atasubiri wengine watoke ndipo akuulize kama dawa ile ndiyo iliyomuua mama. Mjibu waziwazi kwamba mama amefariki kwa saratani, na kwamba dawa aliyompa kwa kipimo alichofundishwa ilimwezesha kulala bila maumivu usiku ule. Halafu muulize atarudi shule lini.