Ondoa Nta Kabla ya Kupaka Vanishi

Wafugaji wa nyuki wa Meru huyeyusha nta nyumbani, nayo humwagikia meza mpya ya muuru. Bwana mkulima, usianze na msasa! Msasa huisukuma nta ndani ya mbao, na vanishi haitashika. Muuru ni mbao ya thamani mno kuharibiwa hivyo.

Kwangua kwanza kwa kisu butu, ukifuata nyuzi za mbao. Tandika karatasi isiyo na chapa, upitishe pasi yenye joto la kiasi. Nta huyeyuka kwa nyuzi 64 hivi. Badilisha karatasi mpaka itoke kavu. Ondoa pasi na moto wote, ndipo ufute kwa tapentaini. Mbao ikikauka, dondosha maji: yakisimama kama shanga, nta ingalimo. Vitambaa vianike nje, visirundikwe, maana huweza kushika moto.