Kifumbu cha Sikio



Tukikuna nazi tunaikamua kwa kifumbu. Tui linapita, chicha inabaki. Je, mnajua kwamba ndani ya sikio nako mna kifumbu? Leo tutazungumza habari zake. Kifumbu hicho kikishindwa kazi, mtu anaweza kuwa kiziwi maisha yake yote.

Sikio la ndani

Sikio lina sehemu tatu. Ya nje ndiyo tunayoiona. Ya katikati iko nyuma ya ngoma ya sikio. Ya ndani imejipinda kama konokono, nayo imejaa maji. Humo mna chembe hai zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio. Sauti ikifika, maji yanatikisika, vinyweleo vinayumba, na habari inapelekwa kwenye ubongo. Chembe hizo zikifa hazioti tena. Si kama ukucha.

Kazi ya kifumbu

Chembe hizo hulishwa na damu. Lakini damu hubeba mengi, mazuri na mabaya. Kwa hiyo kuta za mishipa midogo ya sikio la ndani zimebanana sana. Hupitisha vinavyotakiwa na kuzuia vingi vinavyodhuru. Hicho ndicho kifumbu chetu.

Hata hivyo hakizuii kila kitu. Kelele kubwa na baadhi ya magonjwa hukilegeza. Tena ziko dawa zinazopenya polepole, halafu zinakawia kutoka. Zikikaa humo huua chembe zile.

Sindano za kifua kikuu

Mwaka 1943 wataalamu wa Marekani waligundua dawa ya streptomaisini. Ilitumika hapa Tanzania kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu, na watu wengi walipona. Lakini wengine walipona kifua wakabaki na kizunguzungu, masikio yanayovuma, au uziwi.

Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kutibu kifua kikuu sugu. Matibabu hayo nayo yalikuwa na sindano za ukoo huo, kama kanamaisini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini isitumike tena kwa ugonjwa huo. Siku hizi kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa vidonge. Basi mtu anayekohoa asiogope kwenda kupimwa kwa sababu ya habari za zamani.

Jentamaisini ni ya ukoo huohuo, na bado inaokoa watoto wachanga wenye maambukizo makali. Hatusemi ikataliwe. Tunasema itolewe na mganga wa hospitali au zahanati, kwa kipimo chake na kwa siku zake. Kuchomwa sindano mitaani ni kucheza na masikio.

Wazee wetu wanaikumbuka kwinini, ambayo miti yake ilipandwa Amani, huko Usambara, wakati wa Wajerumani. Nayo huvumisha masikio. Lakini kwa kawaida mvumo huo hukoma dawa ikiisha. Uziwi wa sindano zile mara nyingi haukomi.

Kelele za kwetu

Hapa Tanga korona za mkonge hunguruma kutwa. Mlipuko wa baruti ya uvuvi haramu nao hauui samaki tu. Huumiza na masikio ya mrushaji. Sikio lililochoshwa na kelele hudhurika upesi zaidi na dawa hizi.

Tufanye nini?

1. Tukiandikiwa sindano, tuulize: ni dawa gani, na ya siku ngapi?
2. Tumwambie mganga kama tuna ugonjwa wa figo, ujauzito, au masikio mabovu. Figo mbovu huchelewa kutoa dawa mwilini. Baadhi ya sindano hizi huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.
3. Masikio yakivuma au tukianza kuyumba, turudi hospitali siku hiyohiyo. Tusiache dawa wenyewe.
4. Kwenye mashine zenye kelele, tudai vizibo vya masikio.

Maswali ya kuzungumza

Katika kijiji chenu, nani huchoma sindano nje ya zahanati? Yuko jirani asiyesikia ambaye watu humcheka au husema kalogwa? Mnaweza kumsaidiaje?